Kobe Aliyevunja Kwaresma

Mama Lesian, nimechoka mie.

Jumuiya imesali kwangu leo. Tumefumba macho, nasikia chubwi! kwenye tangi la kioo la mjukuu wangu Soila, anamofuga samaki na kobe wa maji. Nafumbua jicho moja: kobe kamng'ata samaki, mkia unachezacheza nje ya mdomo. Mbele ya katekista!

Akaniuliza, "Bibi, huwa unamlisha nini?"

Mchicha tu, nikamjibu. Ni Kwaresma, nyumba nzima tumeacha nyama.

"Bibi, kobe hajabatizwa!"

Wakacheka wote. Samaki walikuwa sita, kabaki mmoja. Na wiki nzima namtukana paka wa Theresia jirani kwamba ndiye mwizi!

Samaki nimemhamishia kwenye beseni, kobe nimempa maini. Kesho Soila anarudi kutoka chuoni Makumira. Nitamwambia mwenyewe, ila njoo ukae katikati yetu.