Picha ya Kwanza

Jumatano jioni, Nachingwea

Mama Somoe, mkulima wa korosho, amekuja leo kutoka Kilimarondo, macho mekundu, yamevimba, na neno lake la kwanza likawa asante.

"Mwanangu, salfa tumepuliza vilevile ulivyotuonyesha kwenye simu."

Nilivyowaonyesha mimi! Nikaichukua simu yake. Ukurasa wangu wa slaidi wa kuwafundisha wakulima kupuliza dawa ulikuwa bado wazi, kwenye picha ya kwanza: mtu anapulizia mikorosho uso wazi, upepo unamrudishia vumbi la salfa. Nilianza na kosa ili watu wacheke, slaidi ya pili iwaonyeshe njia sahihi. Nikabonyeza "Endelea". Kimya. Mtandao wa kule ulileta picha, faili la JavaScript, msimbo wa kugeuza slaidi, likaishia njiani.

Mistari kumi na miwili tu ya msimbo. Na nilivyojisifia wepesi wake!

Zahanati wamemwosha macho, wanasema atapona. Lakini sijui wangapi wengine wameiona ile picha na...

Nimeifuta JavaScript yote. Picha sasa zimepangwa moja chini ya nyingine, mtu anashusha kwa kidole.

Nilipomweleza kwamba ile ilikuwa picha ya kosa, Mama Somoe alifuta machozi ya salfa.

"Sasa mwanangu, mgeni unamkaribisha kwa uongo?"