Gobore la Didace

Katumba, 12 Mei 1996

Kaka Nestori,

Pokea salamu za huku kwetu. Watoto hawajambo, na tumbaku imekauka vizuri. Tangu ulipomsema mume wangu Didace mbele ya wazee wa kanisa, hajanipiga tena. Siku hizi anashughulika na gobore lake tu. Ameukata mtutu hadi linafichika ndani ya koti, akalitia kitako kipya cha mninga. Ni la kuwindia swala, anasema. Likishapiga mara moja, mpaka ulishindilie baruti upya. Didace anasema mara moja inamtosha.

Jana alichora alama ya shabaha kwenye mti nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Swala hafiki juu hivyo, kaka. Akaniita nisimame pale, akanigusa bega, akauliza kwa upole, "Nestori anakuzidi urefu kiasi gani?"

Nikamjibu tunalingana. Akacheka, akaipandisha alama.

Barua niliyoandika mbele yake, ya kukualika Jumapili uje kula nyama ya swala, itakufikia. Hii nampa jirani yangu Lidia, anakuja huko kwako Makanyagio sokoni.

Usije. Kuwinda kwenyewe hajaenda hata siku moja.

Mdogo wako,
Emelyne