Sebule Niliyoipunguza

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungeliona kabla sijavua viatu, ungeniambia nikae kwanza, maneno hayana miguu ya kukimbia. Basi nimekaa. Niko jikoni nyuma ya nyumba, kwenye kigoda chako, na makaa ya babula bado yana moto kidogo. Kucha zangu zina chokaa ambayo hata mafuta ya taa yameshindwa kuitoa. Jana tuliondoa kilio chako. Wageni wamerudi kwao, na mimi nafagia tangu asubuhi.

Nataka kukupa habari ya nyumba na habari ya Papa. Siku hizi zimekuwa habari moja.

Ulipokufa walifanya kama inavyofanywa. Watoto wa Baba Mdogo walitoa vitu vyote sebuleni ili watu wapate pa kutandika mikeka. Makochi yakakaa nje chini ya turubai, kabati likapelekwa kwa jirani yetu Mama Zaina, na viti vya kukodi vikapangwa kuzunguka kuta nne, katikati pakabaki patupu. Wewe unazijua nyumba za kilio, umekesha katika nyingi kuliko mimi. Watu waliimba, wakalia, wakala maharagwe yetu, wakaenda. Vitu vikarudishwa ndani. Papa hakurudi.

Sisemi alihama. Usiku alilala chumbani kwenu, maana baridi ya huku haina mchezo. Lakini akiamka alipita sebuleni haraka, macho chini, akaja kukaa hapa jikoni kwenye moshi. Alikula hapa. Alisikiliza redio hapa. Wazee wenzake wakija kumsalimu aliwapokea hapa hapa, magoti yao yakigusa sufuria. Papa huyu aliyeendesha lori miaka yote kwenye barabara ya Sake na Masisi, ambaye hakuwahi kumpisha mtu, alikaa kando ya babula kama mtu aliyekuja kuomba moto.

Siku ya arobaini ilitupita barabara zikiwa zimefungwa na vita, tukaahirisha kuondoa kilio. Halafu Baba Mdogo akatuma neno kutoka Masisi: "Muzee hawezi kubakia pale peke yake, iko naikala mu moshi kama mufungwa. Siku ya kuondoa kilio tutamuchukua, akuje kuikala na sisi na ngombe. Ile nyumba mutapangisha."

Mama, niliogopa. Papa hapendi ng'ombe, unajua. Angekaa huko kilimani akihesabiwa kama mzigo wa zamu, akanyamaza, na siku moja ningeitwa kwenda kumzika. Tayari nimekupoteza wewe. Lakini ningemjibu nini Baba Mdogo? Mwenye nyumba mwenyewe alikuwa haishi ndani ya nyumba.

Nikajiambia: sebule inamkumbusha Mama. Nikiigeuza, atarudi.

Kwa pesa gani, utauliza. Benki hazifunguki, na mshahara wa sisi walimu ukifika unafika umekonda. Lakini nina simu, na kwenye simu kuna nyumba. Kuta nyeupe, nafasi, vitu vichache. Kuna dada mmoja humo anasema kwamba uzuri wa nyumba hautokani na kununua, unatokana na kupunguza. Neno hilo liliniingia, Mama. Kununua siwezi. Kupunguza ni bure.

Wewe hukupunguza kitu maishani mwako. Uligongelea makaratasi ya maboksi kwenye mbao ili upepo usitukeshe, juu ya makaratasi ukaweka magunia, na juu ya magunia vitenge vyote vya sikukuu za wanawake. Dari uliishona kwa mifuko ya unga iliyofumuliwa na kufuliwa kwa dawa ya javeli, na maandishi hayakutoka, kwa hiyo mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala chali, tena kinyumenyume. Na lile jiwe la volkano kwenye kona, lililokataa nyundo wakati wanasawazisha kiwanja hadi wakamwaga saruji kulizunguka. Mwingine angeona aibu. Wewe ulilipaka chokaa, ukalivalisha kitambaa ulichofuma mwenyewe, ukaweka juu picha ya ubatizo wangu na maua ya plastiki. Wageni wakiuliza meza ile ndogo mmeinunua wapi, ulisema, "Ni Nyiragongo ilitutumiaka. Na transport ilikuwa bure."

Jiwe sikuligusa. Vingine vyote nilivipunguza. Nilitoa vitenge na magunia, nikabakiza makaratasi, nikachanganya chokaa na maji na chumvi ili isiwaachie watu unga kwenye nguo, kama ulivyonifundisha. Karatasi ilikunywa rangi kama mlevi wa siku ya mshahara, nikarudia na kurudia, kila jioni baada ya darasa, shingo ikiuma. Vitambaa vya makochi nilivifua na kuvikunja ndani ya sanduku. Kabati nilimpa Mama Zaina moja kwa moja. Ile meza kubwa ya katikati, iliyotupiga sote kwenye ugoko, niliwapa wanakwaya. Makochi nikayasukuma ukutani. Kitu pekee nilichonunua ni mapazia meupe yaliyotumika, kwa mama mmoja anayepamba harusi.

Nilisimama mlangoni kuangalia. Peupe, pasafi, pana nafasi. Ilikuwa ile ile ya kwenye simu. Nilifurahi, Mama, na sikuwa nimefurahi tangu uondoke.

Nikamwita Papa. Alisimama kizingitini, akavua kofia. Akatazama upande huu na upande ule. "Ni muzuri, mwanangu. Aksanti." Akarudi jikoni. Kuanzia siku ile hakupita tena sebuleni hata kwa haraka, alikuwa anazunguka kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilidhani anahitaji muda. Na watu wengine walikuwa wananipa moyo. Aliyeingia alishusha sauti. Mama Zaina, ambaye kicheko chake kinasikika mpaka barabarani, aliingia akakaa ukingoni mwa kochi, akanong'ona kuniuliza chumvi. Nikasema kimoyomoyo, tazama, hata Mama Zaina anauheshimu uzuri.

Ni mama wa samaki aliyenifumbua macho. Yule anayeleta samaki wa Vitshumbi, uliyekuwa unagombana naye kila mara na kila mara unanunua. Barabara ilikuwa imemzuia muda mrefu, hakujua kwamba umekufa. Alitua beseni lake mlangoni, akaingiza kichwa aite, akaona sebule. Akavua viatu. Akafunga kitenge kichwani vizuri, akaingia, akakaa chini sakafuni na kunyoosha miguu.

"Poleni," alisema. "Nani alitutoka?"

Nikamwambia ni wewe. Alilia, Mama, alikulilia vizuri sana, akataja ubishi wako na mkono wako wa kutoa. Halafu akajifuta, akaniuliza polepole, "Mwili iko wapi? Ilishafika, ao tunaingojea?"

Nikamwambia tulikuzika zamani, mahindi yalikuwa bado hayajaota.

Akatazama kuta. Akatazama makochi. "Sasa juu ya nini nyumba iko hivi?"

Ndipo nami nikaona. Makochi kuzunguka kuta nne, katikati patupu, mapazia meupe. Nilikuwa nimejenga upya nyumba ya kilio kwa mikono yangu, na nikaipiga chokaa ili idumu. Papa alivua kofia kwa sababu mtu huvua kofia mahali pa msiba. Na aliniambia ni vizuri kwa sababu alinihurumia. Nilikaa chini kando ya mama wa samaki, nikacheka hadi kicheko kikageuka kilio, naye akanishika kwa mikono yake yenye harufu ya ziwa.

Sikuwa na nguvu ya kuanza upya, nakuambia ukweli. Lakini siku ya kuondoa kilio ilikuwa inakaribia, na Baba Mdogo alikuwa ameshasema ataleta gari. Meza kwa wanakwaya ningeirudishaje? Walikuwa wanakulia juu yake. Nikakumbuka lile gurudumu kubwa la mbao la kuzungushia nyaya za umeme, lililotupwa njiani karibu na shule. Mtu wa chukudu alinibebea kwenye kigari chake cha mbao. Nikalisugua, nikalilaza, nikalipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka ubao wa darasa langu. Nikaliweka katikati. Nikayavuta makochi kutoka ukutani mpaka yakawa karibu kugusana, nikarudisha vitambaa vyako, nikagongelea kitenge kimoja kimoja juu ya ule weupe. Haikuwa sebule yako. Wala haikuwa ya yule dada wa kwenye simu, angezimia.

Papa alisikia kelele za kuburuta vitu, akaja na sahani yake mkononi. Alitazama gurudumu muda mrefu. Akalisukuma kwa kidole.

"Hii kitu inacheza-cheza," alisema.

Akapiga magoti. Akakunja kipande cha karatasi akakitia chini, akalijaribu, hakuridhika. Akaenda kuchukua kisu na kipande cha mbao, akaanza kuchonga. Nilimwacha. Chakula cha jioni kilipoiva sikumwita na sikukipeleka jikoni, nilikiweka pale juu ya kijani, mbele ya pua yake. Akala. Huku anakula akasema kochi liko karibu mno, mlango unapitisha upepo, na rangi hii ni ya shule, sasa atakuwa anafanya mtihani kila siku? Tangu ufe sikuwa nimemsikia akilalamika. Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi kuchukua sahani.

Halafu jana. Ukoo ulikuja, na Baba Mdogo na gari lake. Watoto wake, kwa mazoea tu, bila ubaya, walishika kochi huku na huku wakaanza kulitoa ili watu wapate pa kukaa kwa maombi.

Papa alijisimamisha mlangoni, mikono kwenye fremu.

"Rudisheni."

"Yaya," Baba Mdogo akamwambia kaka yake, kwa upole, "batu bataikala wapi?"

"Inje kuko nafasi. Hakuna kitu inatoka mu hii nyumba." Baba Mdogo akafungua mdomo, na sisi sote tulijua anataka kusema habari ya gari. Papa hakumpa muda. "Hata miye."

Vijana wakaliweka kochi chini. Mama Zaina, Mungu ambariki, akaanza kupanga viti uani kwa kelele nyingi. Tukakuombea nje, juu ya mawe, kila kiti kikiyumba, na Baba Mdogo aliomba vizuri kuliko wote. Kuhusu ng'ombe hakuna aliyesema tena.

Sisemi mambo yamekwisha, Mama. Upande wako wa kitanda hajaugusa. Asubuhi nyingine bado anakuja hapa jikoni, anakaa kwenye moshi. Mimi nami niko hivi unavyoniona, kesho nina darasa na sijasahihisha hata daftari moja. Nakukumbuka mpaka mifupa inauma.

Nakuachia neno moja. Papa atakaa kwake mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Nitamlinda na ndugu zake, na baridi, na nitamlinda hata na mimi mwenyewe na mawazo yangu ya kwenye simu. Wewe pumzika sasa, usituwaze.

Nakuaga hapa. Papa ananiita, anataka kujua nani amekalia miwani yake. Ananiita kutoka sebuleni.

Mwanao,
Faida