Viatu vya Mama Kwenye Magofu ya Gede

Auburn, Sydney
Septemba 2021

Kaka Swaleh,

Salamu kutoka huku tulikofungiwa ndani. Asante kwa kunitembeza mji wa kale wa Gede kwa simu, ingawa ulinionyesha kima wengi kuliko kuta zake.

Tangu Mama atoke hospitali, kila nikipiga huapa kuwa korona imemtoka kifuani. Sikumwamini, maana siku zote alikuwa ameketi.

Jana mlipofika msikiti mkuu, usio na paa wala waumini, ulitaka kuingia na viatu. Mama akakukemea, akainama, akafungua mikanda ya viatu vyake mwenyewe, kisha akainuka bila kushika ukuta, huku angali anakugombeza. Wala hakukohoa.

Nimelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu augue. Kwa hiyo usiharakishe kumwomba radhi, kaka, mwache akugombeze.

Dadako,
Zuhura