Kanda ya Pili Kwanza

Jumatatu, 2 Juni
Uji, dawa, mpira wa kufinya. Baba ameufinya kidogo, kisha akauachia uviringike hadi chini ya kabati. Makusudi. Namjua. Tangu apatwe na kiharusi hajasema neno. Daktari anasema sauti ipo, inataka kuitwa. Basi naita. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, kisha najijibu mwenyewe marahaba. Nimechoka kujijibu.

Mvua ya rasharasha Mishomoroni. Nikisuuza vikombe nilimsikia kabisa, kama zamani, akitafsiri sinema kwenye maikrofoni, kibanda cha video kimejaa hadi mlangoni. Nikafunga mfereji nisikilize. Kimya.

Jumatano, 4 Juni
Kaka yangu Katana (jina la babu yetu, si la upanga wa Wajapani, ingawa hakuna anayetuamini) amepita akitoka bandarini. Mkononi sinema ya masamurai. Ile ile! Ndefu, nyeusi na nyeupe, aliyoitafsiri Baba miaka nenda miaka rudi. Wajapani wakisema, naye akiwasemea kwa Kiswahili, nusu ya kukisia, nusu ya kutunga.

Enzi hizo ilikuwa kanda mbili zilizojaa mikwaruzo. Sasa ni diski mbili, picha imesafishwa hadi jasho linaonekana.

"Akiwaona tu atasema, dada. Wallahi vile."

Nimemwambia asinipe matumaini. Nimeshayachukua.

Jumamosi, 7 Juni
Siku mbaya. Diski ya kwanza nilitia baada ya chai. Masamurai wanakusanyika, wanaingia kijijini, watu wanawapokea. Baba kakunja uso tangu mwanzo. Mimi pia niliona kitu hakikai sawa, nikaiacha iendelee. Diski ya pili: vita, matope, wanakufa mmoja mmoja. Mzee Ngonyo naye, yule kiguru mwenye mwavuli, jina alilopewa na Baba. Kisha makaburi, upepo, mwisho.

Baba alilia kwa sauti isiyo na maneno. Akapiga meza kwa mkono wake mzima, kikombe kikavunjika. Nimemchukia Katana. Nimejichukia zaidi.

Jumapili, 8 Juni
Sikwenda kanisani. Nimeelewa nikipiga pasi, nusura niunguze shuka.

Kanda zetu ziliandikwa Kijapani. Nani hapa Kisauni angesoma? Mwenye kibanda alitia ya pili kwanza, ikawa hivyo hivyo siku zote. Kwetu sinema ilianza na vita. Mashujaa walikufa, tukalia. Kanda ikabadilishwa, na wale wale wakatokea barabarani, wazima, nguo safi, wakicheka. Baba angefanyaje? Aliinua maikrofoni: "Jamani, waliokwenda wanarudi! Wapisheni!" Na watu walivuta miguu kweli, wakaacha njia katikati ya mabenchi. Mama, aliyekuwa akikaanga viazi karai mlangoni, alisimama na kijiko mkononi.

Tulipomzika Mama, Baba alitushika mabega, akasema hii ni kanda ya vita tu, tungoje ibadilishwe. Watu walidhani amechanganyikiwa. Mimi na Katana tulielewa.

Na jana mimi niliwaua wote mbele yake, nikazima televisheni. Roho inaniuma.

Jumatano, 11 Juni
Alasiri, pazia limefungwa, chumba rangi ya chai. Diski ya pili kwanza. Baba ametulia. Walipokufa alifinya mpira wake, hakuuangusha. Makaburi. Upepo.

Nikabadilisha.

Barabara nyeupe kwa jua. Wakaja. Mzee Ngonyo mbele na mwavuli wake, anachechemea, mzima wa afya. Sikujijua, nikavuta miguu. Nilipogeuka, Baba alikuwa ameushika mguu wake mzito kwa mkono, anausogeza, taratibu, mpaka njia ikapatikana kati yetu. Mdomo ulihangaika muda mrefu.

"Wapisheni," akasema.

Sauti imekwaruzika, ya chini, yake. Nimelia nikacheka. Hakunitazama, alikuwa akitazama mlango. Nikaenda nikaufungua, nikarudi kukaa. Tuliuacha wazi hadi sinema ikaisha, kisha nikaosha vikombe.