Kisu Ulichoniachia Wazi

Mutiso, rafiki yangu,

Kisu chako cha pembe kimefungwa. Naanza na habari hiyo kwa kuwa najua ndiyo ungeniuliza mwanzo, kabla ya mvua, kabla ya mbuzi, kabla hata ya afya yangu. Usikasirike bado. Nisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo ulipokuwa hai lilikushinda.

Sheria ilikuwa yako: aliyekifungua kisu ndiye akifunge. Nakumbuka nilivyoivunja kule soko la mbuzi, tulipokuwa bado na nywele nyeusi. Ulifungua kisu ukate kamba, ukageuka kumsalimu Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi, nami nikakikunja na kukurudishia kwa heshima zote. Ulininunia wiki nzima. "Mwalimu, umesoma mpaka adabu imekutoka!" Baadaye ulinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: anayefungua kisu ana kazi kichwani, na mwingine hawezi kujua kama kazi hiyo imekwisha. Nimefundisha maisha yangu yote, lakini somo lile sikulikuta katika kitabu.

Na visu vyenyewe! Vyote vya kukunja, vyote kazi ya mikono ya mafundi wa huku kwetu, bapa limetoka kwenye springi ya gari kuukuu, mpini umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Wewe hukusema umebeba kisu. Ulisema umevaa. "Leo nimevaa mpingo." "Leo nimevaa pembe." Ijumaa ulivaa kile cha mfupa wa ngamia alichokupa Abdi. Jumapili ulivaa kile kidogo cha shaba, ambacho hakijawahi kukata kitu chochote, ulidai kimeokoka. Watu walipokuuliza unataka nini na visu kumi na vinne, na mfuko unaotumia ni mmoja, uliwajibu, "Na wewe una mashati mangapi, na kifua ni kimoja?"

Cha pembe kilikuwa cha baba yako. Yeye alikiita kavyu tu, kama Mkamba yeyote anavyokiita kisu, bila mbwembwe.

Sasa nikueleze. Siku ile tulikuwa tumeketi barazani kwako Mwala, unamenya chungwa. Katikati ukasimama, ukanipa kisu na chungwa, ukasema, "Malizia, Mwalimu, mkono umechoka." Nilidhani ni uvivu wako. Kisha ukashika kifua. Nikaliacha chungwa juu ya kigoda, nikakisukuma kisu kwenye mfuko wa koti, tukakukimbiza hospitali. Siku ya tatu hukuwepo tena.

Kisu nilikikuta mfukoni nikitafuta leso ya kujifuta machozi. Kilikuwa wazi.

Nifanye nini? Nilitaka kukuwekea ndani ya jeneza, lakini nani amlaze rafiki yake na kisu kilicho wazi? Kukifunga sikuthubutu. Uliyekifungua ni wewe, na wewe hupo. Basi kimekaa wazi juu ya kabati la vitabu miezi mitano, nikikipaka mafuta kila Jumamosi, wajukuu wamekatazwa kuingia chumbani. Mke wangu alichoka. "Baba Mumo, marehemu hawezi kurudi kufunga kisu. Kifunge tulale." Sikuweza. Niliona nikikifunga, nitakuwa nimesema kazi yako imekwisha, na hilo silo la mimi kusema.

Juma lililopita mkeo, mama Kyalo, alinipigia simu. Kijana wenu, Kyalo, alikuwa amekuja kutoka Syokimau kuvitazama visu vyako, na kwenye mkebe vilikuwa kumi na vitatu. Nikaenda nikiona haya kama mwizi. Nilikiweka mezani, kimezungushiwa kitambaa, nikakifunua.

"Mwalimu! Kwani kimekaa hivi siku zote hizo?" mama Kyalo akashangaa.

Nikamweleza sheria yako. Alianza kucheka. Kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa leso, na Kyalo na mimi tukabaki tunatazama meza.

"Si yeye alifungua," akasema. "Ni mimi."

Mutiso, mbona hukuniambia? Mwaka mzima wa mwisho ulikuja kwangu na kisu kilichofunguliwa tayari, umekizungushia kitambaa mfukoni, nami nikikukaripia kama mwanafunzi: "Utajichoma paja, wewe mzee!" Ukanijibu, "Mimi niko tayari kila wakati, si kama wewe." Nami nikaamini ni majivuno. Kumbe kidole gumba kilikuwa kimeisha nguvu, na springi za mafundi wa zamani ni ngumu.

"Hatukuwa tunaongea hiyo maneno," mama Kyalo alisema. "Akimaliza chai anaweka kisu kando ya kikombe, anaangalia ng'ombe huko nje. Mimi nafungua. Jioni naweka ukucha tena, nafunga. Siku hiyo tu ndiyo sikufunga."

Nilisukuma kisu mbele yake. Hakukigusa. Aliniuliza kwanza, "Na ile chungwa, iliisha?"

Halikuisha. Lilibaki kigodani, limemenywa nusu.

Akainuka, akaingia jikoni, akarudi na chungwa. Akalimenya lote kwa kisu chako, ganda moja refu lisilokatika, jinsi ulivyopenda kujionyesha. Akaligawa sehemu tatu, kwake, kwa Kyalo na kwangu. Tulikula. Lilikuwa chachu, nisikudanganye. Kisha akapangusa bapa kwa leso, akaweka kidole, akakifunga. Ulijua ule mlio wake. Ta! Basi.

Vile kumi na vitatu amevichukua Kyalo. Anasema atavivaa kwa zamu, hata kama ofisini kwake askari wa mlangoni atamsumbua. Cha pembe mama yake alikisukuma upande wangu. "Hiki utavaa wewe. Lakini usikuje nacho wazi."

Nisamehe kwa kukukaripia. Nilikuona kila siku na sikukuona. Nakuahidi kitu kimoja: siku kidole changu kitakapochoka, na kimeanza, sitatazama ng'ombe. Nitamwambia mke wangu wazi, "Nifungulie," na nitawaambia wajukuu wasikie, ili wajue mzee anaweza kusema hivyo na asife kwa aibu.

Pumzika, ndugu yangu. Mvua imenyesha kidogo Mwala, na mbuzi wako wamenona. Kesho asubuhi nitapita kaburini nikielekea sokoni, nisimame kidogo.

Leo nimevaa pembe.

Mwalimu wako,
Muia