Bangili Zile Zirudi Nairobi

Kabiria, Nairobi, 1973

Kwako mke wangu, Mama Roda,

Hamjambo hapo nyumbani? Kifua cha mama kimepoa? Na ng'ombe aliyekataa majani, sasa anakula? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaniuma. Naomba barua hii uisome peke yako.

Umeniandikia kwamba akina mama wa kwaya wamezisifu zile bangili mbili za manjano, na dada yako naye anataka yake. Nilikwambia nilizinunua katika duka kubwa mjini. Sikuzinunua. Nilizitoa kazini, na wala si bangili.

Unajua kazi yangu ni kubeba tepu, yale magurudumu ya mkanda ambamo kompyuta huandika habari. Nyuma ya kila gurudumu hutiwa pete ya plastiki. Pete ikiwamo, mashine inaweza kuandika na kufuta yaliyokuwamo. Ukiitoa, mashine inasoma tu, haifuti kitu hata mtu akikosea. Kazi ikiisha tunazitoa na kuzitupa katika katoni. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni takataka, nikakumbuka mkono wako, nikachukua mbili. Kusema nimenunua kulikuwa kutafuta sifa tu.

Sasa mkanda wenye majina ya wateja umefutwa, kwa sababu mtu alisahau pete ndani. Wakubwa wakaamuru pete zote zihesabiwe na kufungiwa kabatini. Ukilinganisha na zilizonunuliwa, mbili hazikuonekana. Msimamizi wetu anasema aliyezificha anataka kufuta mikanda mingine kwa makusudi.

Lawama ikamwangukia Mama Mwende, Mkamba anayefagia chumba cha mashine. Ni jirani yangu hapa Kabiria, na nilipofika sina hata sufuria ndiye aliyenilisha.

"Wewe ndiyo unabakinga humu peke yako," msimamizi akamwambia. "Pete iko wapi?"

"Bwana, mimi sijui hata hiyo pete ni ya nini. Uliza Baba Roda, yeye anajua mimi."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mimi na yeye tunaonananga tu njiani."

Mama Roda, nilisema hivyo, na yeye ananitazama. Akaambiwa akae nyumbani mpaka pete zipatikane. Siku hizi anapanda mpaka Kitisuru kuomba kufua nguo kwenye manyumba ya watu, na mara nyingi anarudi bila kitu. Juzi jioni aliniletea sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao, akaniuliza kama nimesikia lolote ofisini. Nikamwambia sijasikia. Nikaila yote. Naona aibu hata kukuandikia.

Zifunge bangili katika kitambaa, umpe kaka yako anayekuja huku kutafuta kazi. Lakini sitazingojea. Kesho asubuhi naingia kwa msimamizi kusema ni mimi, na nitasema mbele ya wote, kama nilivyomkana mbele ya wote. Wakinifukuza, nitakuja tulime pamoja, ukinikubali.

Nisalimie mama, shangazi anayeongoza kwaya, na Roda wetu. Mwambie dada yako anisamehe, yake haipo. Na Jumapili wakikuuliza kanisani mbona mkono uko mtupu, usinifichie. Waambie mumeo aliiba, na mwanamke mwingine ndiye aliyeadhibiwa.

Ni mimi mumeo,
Baba Roda